Sarafu ya Baba Mkwe Yenye Mtu Chini ya Mtu

Tangu nirudi, kila nikiingia chumba cha walimu naulizwa lile lile: "Ehe, mwalimu, ilikuwaje?" Nikifungua mdomo kengele inalia. Basi nimeamua kuandika. Someni kwa zamu, na atakayemwaga chai juu ya karatasi zangu nitamjua. Habari za ruhusa na tiketi naziruka, maana hizo hata mimi zilinichosha.

Kwa walimu wageni: mimi ni mzaliwa wa Korogwe, nafundisha historia hapa Tukuyu, na mume wangu Lusajo ni mtoto wa kijiji cha Nkunga. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Mzee Ambakisye hakosi kanisani, lakini ipo mila moja ya Kinyakyusa ambayo hakuiacha: yeye na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemeshani. Akija njiani anakohoa, nami naingia migombani, nageuka mgongo mpaka apite. Neno lake hunifikia kwa mdomo wa mama mkwe, na langu humfikia kwa mdomo huo huo. Mwanzoni nililia nikidhani ananichukia. Siku hizi namjua kwa kikohozi na kwa visigino.

Sasa sarafu. Alipokuwa kijana, yeye na rika lake Anangisye walifanya kazi kwa mlowezi mmoja wa Kijerumani, Ambakisye jikoni, Anangisye akifagia vyumba. Mlowezi huyo alikuwa na sanduku la sarafu za kale. Vita vya pili vilipoanza, Waingereza wakaja kumchukua, na asubuhi hiyo alimpa Ambakisye sarafu moja mkononi. Hakuna aliyeona. Anangisye aliiona jioni ikiwa mfukoni mwa mwenzake, akasema ameiba, tena ameiba ile bora kuliko zote, ile ambayo mzungu alikuwa akiwaonyesha wageni. Neno hilo halikufa. Zaidi ya miaka hamsini mzee hajawahi kuchaguliwa mzee wa kanisa, na msibani hapewi kushika kapu la rambirambi. Hakuna anayemtukana. Kapu linapita tu mbele yake na kwenda kwa mwingine.

Nkunga hadi Tukuyu

Miaka hii ya ruksa imeleta biashara kila kona, na wilayani kwetu imeleta watu wanaotafuta rupia za Mjerumani. Wanazunguka vijijini wakinong'ona habari za zebaki wanayodai imo ndani ya rupia hizo, na mamilioni. Shemeji yangu Ipyana akawasikia, akaanza kuota mashine ya kusaga. Akambana baba yake auze sarafu. Mzee akakataa, kisha akatoa neno ambalo hakuna aliyelitegemea: apewe mke wa Lusajo, aipeleke kwa wanaojua.

Nilikwenda kuichukua Jumamosi, mvua ikinyesha kama kawaida yetu. Nikakaa jikoni na mama mkwe tukila mbalaga, zile ndizi za kupika, na maharage. Nje pakakohoa mtu. Tulipotoka, kizingitini palikuwa na kipande cha jani la mgomba, na juu yake ile sarafu. Yeye alishaondoka.

"Mzee anasemaje, Mama?" nikauliza.

Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Herufi z na r hazikai mdomoni mwake, wala mwa wazee wengi wa Nkunga. "Anasema ukaulise bei," alisema.

"Bei tu?"

"Bei. Kama ina bei kubwa au hapana."

Nitasema ukweli, niliudhika. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kusafisha jina la mtu, kumbe natumwa sokoni kama dalali. Nikaifunga sarafu kwenye leso, nikapanda lori la chai linalorudi kiwandani na majani mabichi, nikateremka Tukuyu.

Nyumbani kwetu Ibighi, hapo hapo Tukuyu, niliiweka mezani chini ya taa. Ilikuwa na ukubwa wa shilingi, nyeusi yenye ukijani. Upande mmoja kichwa cha mtu mwenye kofia iliyoota kibawa kidogo, lakini kisogoni kwake ziliota ndevu. Ndiyo, kisogoni. Upande wa pili palikuwa na sehemu ya mbele ya meli, na katikati ya meli kimepenya kitu kama uma wa mezani. Mzee alikuwa akiwaambia watu kwamba mzungu alimweleza humo mna mtu chini ya mtu. Walimcheka. Nami mwalimu wa historia niliigeuza mara ishirini, nikaona ndevu kisogoni tu.

Tukuyu hadi Mbeya

Gari nililopata lilikuwa limejaa ndizi, nami nikakaa juu ya mikungu pamoja na akina mama wawili na mbuzi. Kiwira tulisimama dereva anywe chai. Akarudi baada ya saa nzima akiwa na sufuria mpya, maana dukani mmeletwa vitu na yeye hakutaka kupitwa. Abiria hawakununa. Kila mtu aliishika ile sufuria, akaigonga kwa kucha, akatoa maoni. Mtakumbuka miaka ile tulipanga foleni kwa ajili ya sabuni. Mimi pia niliigonga.

Mbeya hadi Mlimba

Mbeya nikapanda treni ya Dar es Salaam, na kwenye behewa nilikutana na mtu ambaye nitamkumbuka maisha yangu yote. Alijiita Mama Tumpale, mfanyabiashara wa mchele kutoka Kyela, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Magunia yake yalikuwa behewa la mizigo, lakini kwenye kila kituo alishuka kuyasalimia. Kabla ya Makambako alishajua nimeolewa wapi, nina watoto wangapi, na kwamba mkono wangu hautoki kwenye leso.

"Una dawa humo?" akauliza.

Nikamwonyesha. Aliitazama, akarudisha haraka. "Hii imelogwa. Ndevu nyuma!"

Nikamweleza kisa chote, na nikamalizia kwa kulalamika kwamba mzee mwenyewe kumbe anataka bei. Tulikuwa tunaingia kwenye mahandaki ya milimani, giza linakuja na kuondoka, nami nilimsikia zaidi kuliko nilivyomwona.

"Nani alikwambia bei?"

"Mama mkwe."

Akacheka. "Mwalimu, wewe umesoma lakini hujui kutumwa. Sisi wake wa Kinyakyusa tukipewa neno na mzee tulipeleke kwa mke wa mwana, yanayouma tunayaacha njiani. Mama mkwe wako atakutajia wizi wa mumewe? Kwa mdomo upi? Amekuletea mkia, kichwa cha neno kimebaki kwake."

"Basi alisema nini?"

"Mimi nilikuwepo? Kaulize."

"Kwa mila ipi nitamwuliza?"

Akanipa muhogo wa kuchoma. Lakini neno lake lilinikaa kichwani, nikaanza kuionea aibu hasira yangu.

Mlimba, siku nzima bila kusogea

Tulipofika Mlimba tukaambiwa mvua za huko mbele zimepitisha maji juu ya reli, tusubiri yapungue. Tulisubiri tangu asubuhi mpaka jua linakaribia kuzama. Watu wa Mlimba walishazoea treni kukwama. Ndani ya nusu saa palikuwa na mafiga, masufuria, perege wa kukaanga na wali unaofuka moshi.

Mama Tumpale aliutazama wali ule kwa dharau. "Huu mchele?" alimwuliza mpishi. "Kyela huu tunawapa kuku."

Mpishi, bibi mwembamba, hakupandisha hata sauti. "Kuku wenu wana bahati, mama. Keti ule."

Alikula sahani mbili. Ya tatu alisema ni ya kuhakikisha.

Hapo ndipo aliponikuta mtu wa rupia. Sijui nani alimnong'oneza. Mwanamume wa makamo, koti kubwa la mtumba, alichuchumaa mbele yangu akaomba kuiona "ile mali". Nilimpa, nikiwa nimemshika kiwiko. Akainusa. Akaigonga na jiwe. Halafu, Mungu shahidi, akaitia mdomoni, akafumba macho, akaizungusha ulimini kama pipi.

"Si rupia," akasema alipoitoa. "Rupia ina chumvi. Hii ni shaba ya redio. Pole, mama."

Alinirudishia kwa heshima, akaenda kunusa mkufu wa mtu mwingine. Niliiosha sarafu mara tatu. Nilicheka, lakini moyoni niliingiwa na hofu. Je, ikiwa ni kipande cha redio kweli? Mzee atakuwa mwizi na mwongo pia, na mimi ndiye nitakayeleta habari hiyo nyumbani.

Dar es Salaam, kwa fundi saa

Kaka yangu anakaa Ilala. Ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Jivraj, fundi saa mwenye kibanda mjini, kipana kama kabati, ambaye chini ya kioo cha meza yake alikuwa amepanga sarafu za kale. Baba yake naye alikuwa fundi saa na mkusanyaji, akamwachia vitabu vya picha vilivyokatika migongo.

Jua lilikuwa kali. Nikaifungua leso yenye sarafu, nikaanza kusema. Akanizuia kwa kidole. "Usiniambie kitu, mwalimu. Saa ikija, mwenyewe akinieleza ugonjwa, nitautafuta ugonjwa wake tu. Wacha nitazame."

Akabana jichoni kile kikombe cheusi chenye kioo. Alitazama muda ambao wateja wawili walikuja wakaondoka. Kisha akaniuliza, "Wewe unaona nini?"

Nikamwambia: mtu mwenye kofia ya kibawa, na ndevu kisogoni.

"Huyo mwenye kofia amekaa juu, anapiga kelele, wewe unamsikiliza yeye. Mwache." Akaweka karatasi nyembamba juu ya sarafu, akanipa penseli. "Paka taratibu. Kisha kila mstari ambao ni wake, wa kofia, pua, shingo, ufute. Uniachie ambayo si yake."

Nilifanya. Vipindi vyote nilivyofundisha havikuwahi kunipa kazi kama ile. Nilipomaliza kufuta, zilibaki ndevu, kipande cha utepe wa nywele, na mstari wa paji la uso.

"Sasa igeuze karatasi. Juu iwe chini."

Nikaigeuza. Ndevu zikashuka kidevuni. Mtu mzima, mwenye ndevu, akanitazama kutoka kwenye ile karatasi. Jamani, nilipiga kelele mpaka muuza vitambaa wa jirani akachungulia.

Mzee Jivraj alifurahi kuliko mimi. Akafungua kitabu, akanionyesha wote wawili. Mwenye ndevu ni mungu wa bahari wa Wagiriki wa mji wa Sirakusa, kisiwani Sisilia, na upande wake wa pili una mkuki wake wa meno matatu. Ule ndio uma wetu. Mwenye kofia ya kibawa ni mungu wa biashara wa Warumi, na upande wake wa pili ni meli. Warumi walikuwa vitani kisiwani humo, askari wanadai mishahara, shaba imepungua. Wakachukua pesa za wenyeji, wakazipasha moto, wakazipiga upya kwa muhuri wao. Fundi mmoja akawa na haraka, nyundo ikashuka vibaya, wa zamani akabaki anachungulia. Akanionyesha juu ya meli herufi mbili zilizosalia za jina la Roma. Nilizishika kwa kidole. Zaidi ya miaka elfu mbili, na mimi nimezileta ndani ya leso.

"Kwa hiyo ni mali," nikasema.

Akaondoa kikombe jichoni. "Hapana, mwalimu. Hapa usinielewe vibaya. Kwa anayesoma historia ni tamu sana, maana inasema ipi ilitangulia na ipi ilifuata, na pesa chache hukiri hivyo zenyewe. Lakini kwa kuuza? Ni shaba, imelika, sura zimeharibiana. Wakusanyaji wa zamani walitaka sura safi. Baba yangu alikuwa nazo kama hizi nne. Alikuwa akiwaonyesha wageni wacheke, kisha akawagawia watoto."

Nilimwona Ipyana na mashine yake ya kusaga. Ndipo nikamweleza kisa, sasa kwa ruhusa yake: mlowezi, sanduku, Anangisye, kapu la rambirambi.

Alisikiliza akiwa anafunga kitabu. "Sandukuni mlikuwa na nyingine?"

"Wanasema mlijaa. Za fedha, hata za dhahabu. Anangisye mwenyewe alikuwa akifagia chumba hicho. Anasema askari walipolifungua kulikagua, zote zilizokuwa zikimeremeta zilikuwemo, imekosekana hii tu."

"Basi mwalimu, fikiri kama fundi. Mtu ana sanduku wazi mbele yake. Dhahabu ipo, fedha ipo. Mwizi gani anaacha hizo anachukua hii?" Akaniwekea sarafu kiganjani. "Hii haiibwi. Hii hupewa mtu."

Nilisimama pale kama mjinga. Kisha nikaelewa neno la mzee ambalo mama mkwe alinipa mkia wake. Hakuwa anataka bei kubwa. Alikuwa anataka mtu anayejua aseme kwamba haina bei. Ndoa ya miaka kumi na moja, nami nilimhukumu kwa nusu ya sentensi. Niliona haya mbele ya mgeni, na machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa.

Mzee Jivraj aliandika yote kwenye karatasi, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, akabandika na ule mchoro wangu. Nikauliza ujira. Akasema amelipwa kwa kuiona.

Kurudi Nkunga

Safari ya kurudi ilinyooka, sina la kusimulia, isipokuwa kwamba nililala na kupitishwa vituo vyote vya chakula.

Nkunga nilifika mchana wa Jumapili, watu wametoka kanisani. Uani walikuwepo mama mkwe, Lusajo, Ipyana aliyevaa viatu vya mjini tayari kwa utajiri, na Babu Anangisye mwenyewe. Anaishi nyumba ya pili, na hajawahi kuacha kuja kula pale. Hilo nalo ni jambo ambalo sijawahi kulielewa kwa hawa wazee wa rika moja: wanagawana chungu kimoja na neno kama lile limekaa katikati yao. Baba mkwe hakuonekana. Lakini nyuma ya ukuta wa jiko nilisikia kikohozi, nikajua anasikiliza.

Nikamgeukia mama mkwe, kama mila inavyotaka, nikasema kwa sauti ya darasani ifike nyuma ya ukuta. Nikaeleza mtu chini ya mtu. Nikaonyesha mchoro. Watu wakaugeuza juu chini wakapiga vigelegele. Nikaeleza Warumi na haraka yao.

"Bei, shemeji," Ipyana akasema.

"Haina bei. Ni ya kugawia watoto."

Ipyana alikaa chini na viatu vyake. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia kwa hasara, mpaka nilipomsikia akirudia, "Ndaga, ndaga fijo," asante sana, asante sana.

Mara visigino vile ninavyovijua vikazunguka ukuta. Nikageuka haraka niingie migombani.

"Simama, mwanangu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake ikisema nami. Nilisimama, mgongo ukiwa kwake.

"Geuka. Neno hili silitaki kwa mdomo wa mtu mwingine."

Niligeuka. Ni mzee mfupi, mwenye macho ya Lusajo. Sikujua. Ningewezaje kujua kwamba mume wangu ana macho ya baba yake?

"Sema tena," akasema, "na umwambie huyu." Akamwonyesha Anangisye.

Nikamwambia Anangisye, taratibu, kama nilivyoambiwa: dhahabu ilikuwepo, fedha ilikuwepo, yeye mwenyewe ndiye shahidi kwamba hazikuguswa. Aliyechagua sandukuni angechukua hizo. Hii haiibwi, hupewa mtu.

Babu Anangisye alikitazama kile kipande cha shaba kwa muda mrefu. Alikuwa amevua kofia, sijui saa ngapi.

"Msungu alikuwa akiwaonyesha wageni," akasema polepole. "Nikajua ndiyo bola."

"Walikuwa wakicheka," baba mkwe akajibu. "Wewe ulikuwa unafagia, hukuwasikia. Mimi nilikuwa napeleka chai."

"Mbona hukuniambia ni kitu cha bule?"

"Nilikwambia."

Anangisye akaikunja kofia yake mikononi.

"Nilikwambia siku ile ile," baba mkwe akasema, "na kila mwaka. Wewe ulitaka iwe dhahabu."

Kisha Babu Anangisye akainuka kwa shida, akakiokota kigoda chake, akavuka ua, akakiweka karibu kabisa na mwenzake, akakaa akilia waziwazi mbele yetu sote. Baba mkwe hakumwambia anyamaze. Aliweka mkono juu ya goti lake, akauacha hapo.